Jedwali la njia na jedwali la upelekaji

Jedwali la njia na jedwali la upelekaji ni majedwali mawili yanayotunzwa ndani ya ruta, yaani kifaa kinachounganisha mitandao ya kompyuta na kupitisha pakiti za data kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Jedwali la njia huhifadhi njia ambazo ruta imezifahamu, pamoja na habari zinazoiwezesha kuchagua iliyo bora. Jedwali la upelekaji huhifadhi matokeo ya uchaguzi huo tu: pakiti inayokwenda anwani fulani itolewe kupitia poti ipi na ikabidhiwe jirani yupi. Katika vitabu na miongozo ya vifaa majedwali haya hujulikana zaidi kwa vifupisho vyake vya Kiingereza: RIB kwa jedwali la njia na FIB kwa jedwali la upelekaji.

Mara nyingi majedwali haya hudhaniwa kuwa kitu kimoja, kwa sababu mtandao ukiwa mzima yanakubaliana. Tofauti yake huonekana mtandao unapoharibika. Fundi anaweza kufungua jedwali la njia akakuta kila njia ipo mahali pake, na bado pakiti zisifike. Jedwali la njia linaonyesha kile ambacho ruta inakijua, jedwali la upelekaji linaonyesha kile ambacho ruta inakifanya, na mtandao hutegemea mambo hayo mawili yaende pamoja.

## Mfano wa barabara

Tofauti hii inaweza kueleweka kwa kutazama barabara za mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Basi linalotoka wilaya ya Ngara, ilipo kata ya Mugoma, kwenda Dar es Salaam huingia wilaya ya Biharamulo na kufika njia panda ya Lusahunga. Hapo barabara moja huelekea Biharamulo mjini na Bukoba, nyingine huelekea Nyakanazi. Nyakanazi nayo ni njia panda: upande mmoja ni Kibondo na Kigoma, upande mwingine ni Kahama, na kutoka huko safari huendelea hadi Dar es Salaam.

Msimamizi wa safari aliyeko ofisini hujua mengi kuhusu njia hizi. Anajua umbali wa kila moja, kipande kinachoharibika wakati wa masika, daraja linalotengenezwa, na nani aliyemletea habari hizo. Kutokana na hayo yote huamua basi lipite wapi. Dereva anapofika njia panda hahitaji maelezo hayo. Anahitaji kibao kimoja kinachosema kuwa Kahama ni upande huu.

Daftari la msimamizi ni mfano wa jedwali la njia, na kibao cha njia panda ni mfano wa jedwali la upelekaji. Kibao hakielezi kwa nini njia hiyo ilichaguliwa wala hakitaji njia zilizokataliwa, na ndiyo maana husomeka haraka. Lakini uamuzi ukibadilishwa ofisini na kibao kisibadilishwe, magari yataendelea kuingia kwenye barabara iliyofungwa.

## Anwani na viambishi

Kila kifaa kwenye intaneti hutambulishwa kwa anwani ya IP. Katika toleo la nne la itifaki hiyo, anwani ina biti 32 na huandikwa kwa namba nne zenye nukta kati yake, kwa mfano 192.168.5.20. Anwani za aina hii zinazowezekana ni zaidi ya bilioni 4, hivyo ruta haiwezi kuweka mstari kwa kila anwani. Badala yake huweka mstari kwa kundi la anwani zenye mwanzo unaofanana. Mwanzo huo huitwa kiambishi.

Kiambishi huandikwa pamoja na alama ya mkwaju na namba inayoonyesha ni biti ngapi za mwanzo zinazofanana. Kundi la 41.0.0.0/8, ambalo mwaka 2005 lilikabidhiwa AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP barani Afrika, lina anwani zaidi ya milioni 16. Kundi la /24 lina anwani 256 tu. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, kundi linakuwa dogo na mahususi zaidi. Kiambishi cha 0.0.0.0/0 hujumuisha anwani zote, na njia yake huitwa njia chaguomsingi: ndiyo inayotumika pale ambapo hakuna mstari mwingine unaofaa.

## Jedwali la njia

Ruta hupata habari za njia kutoka vyanzo vitatu:

* Mitandao iliyounganishwa moja kwa moja. Poti ikiwekewa anwani na ikawa hai, ruta hujua kwamba mtandao huo upo mlangoni pake.
* Njia zilizoandikwa na msimamizi. Hizi hubaki kama zilivyo hadi mtu azibadilishe, au hadi poti zinazozitegemea zizimike.
* Itifaki za uelekezaji. Hizi huziwezesha ruta kupeana habari zenyewe. Ndani ya mtandao wa kampuni au taasisi moja hutumika OSPF, IS-IS au RIP. Kati ya mitandao ya kampuni tofauti hutumika BGP, itifaki inayoshikilia intaneti nzima.

Kila mstari wa jedwali la njia huwa na kiambishi, anwani ya ruta inayofuata, chanzo cha habari, kiwango cha kuaminika cha chanzo hicho na gharama ya njia. Vyanzo viwili vikileta njia ya kiambishi kilekile, ruta huanza kulinganisha viwango vya kuaminika. Katika ruta za Cisco mtandao uliounganishwa moja kwa moja hupewa 0, njia iliyoandikwa na msimamizi 1, njia ya BGP kutoka kampuni nyingine 20, OSPF 110 na RIP 120. Namba ndogo ndiyo inayoshinda. Watengenezaji wengine hutumia namba tofauti: katika ruta za Juniper OSPF ya kawaida ina 10 na BGP ina 170. Chanzo kikiwa kimoja, njia yenye gharama ndogo huchaguliwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ushindani huu hufanyika kati ya njia za kiambishi kilekile tu. Njia ya 10.20.0.0/16 haishindani na njia ya 10.20.30.0/24, hata kama kundi la pili limo ndani ya la kwanza. Kwa jedwali la njia hayo ni makundi mawili tofauti, na kila moja hupata mshindi wake.

Kazi hii yote hufanywa na programu inayoendeshwa na prosesa kuu ya ruta, na jedwali hukaa katika kumbukumbu ya kawaida kama ile ya kompyuta. Sehemu hii ya ruta huitwa upande wa udhibiti.

## Jedwali la upelekaji

Washindi wakishapatikana, huandikwa katika jedwali la upelekaji. Njia zilizoshindwa haziingii. Vilevile chanzo cha habari, kiwango cha kuaminika na gharama haviandikwi. Kinachobaki ni kiambishi, poti ya kutokea na anwani ya MAC ya jirani atakayepokea pakiti.

Sababu ya kuwa na jedwali la pili ni kasi. Kwenye kiungo cha Etherneti cha gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti ndogo kabisa zinaweza kufika zaidi ya milioni 14 kila sekunde, maana yake ruta ina nanosekunde 67 hivi za kuamua juu ya kila pakiti. Kwenye kiungo cha gigabiti 100 muda huo hupungua hadi chini ya nanosekunde 7. Kusoma mara moja tu katika kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta kunaweza kuchukua makumi ya nanosekunde. Hakuna nafasi ya kulinganisha gharama na vyanzo wakati pakiti inasubiri. Maamuzi lazima yawe yamefanywa mapema.

Kwa hiyo ruta kubwa huweka jedwali la upelekaji katika chipu maalumu. Aina moja ya kumbukumbu inayotumika ni TCAM, ambayo huweza kulinganisha anwani na mistari yote kwa wakati mmoja badala ya kupitia mstari mmoja baada ya mwingine. Kumbukumbu hii ni ghali, hula umeme mwingi na ina nafasi ndogo. Sehemu hii ya ruta huitwa upande wa data.

### Kutafuta kiambishi kirefu zaidi

Pakiti inapofika, ruta husoma anwani ya mwisho wa safari na kuitafuta katika jedwali la upelekaji. Mistari kadhaa inaweza kufaa kwa anwani moja. Kanuni ni kwamba mstari wenye kiambishi kirefu zaidi ndio unaotumika, kwa sababu ndio mahususi zaidi.

Kwa hiyo ndani ya ruta kuna maamuzi mawili. La kwanza ni la jedwali la njia: kati ya njia nyingi za kiambishi kimoja, ipi ni bora? Hilo hufanyika mara moja, kisha hurudiwa pale tu habari zinapobadilika. La pili ni la jedwali la upelekaji: kati ya viambishi mbalimbali vinavyofaa kwa anwani hii, kipi ni kirefu zaidi? Hilo hufanyika kwa kila pakiti.

### Kumtafuta jirani halisi

Njia zinazoletwa na BGP mara nyingi humtaja jirani aliye mbali. Ruta iliyoko Ngara inaweza kuambiwa kwamba kundi fulani la anwani linafikiwa kupitia ruta iliyoko Dar es Salaam. Hakuna waya unaotoka Ngara hadi kwenye ruta hiyo moja kwa moja, hivyo kabla ya kuandika jedwali la upelekaji lazima ruta ijiulize tena: ruta ya Dar es Salaam yenyewe inafikiwa kupitia wapi? Swali hurudiwa hadi ipatikane poti na jirani wa kweli. Jedwali la njia linaweza kusema "kupitia Dar es Salaam", lakini jedwali la upelekaji halina budi kusema "poti ya 1".

## Mfano wa majedwali mawili

Mfano ufuatao ni wa kubuni. Chukulia ruta moja mjini Ngara inayohudumia shule za wilaya hiyo, zikiwemo za Mugoma. Poti ya 1 imeunganishwa na mkongo wa nyuzi za kioo kwa jirani A. Poti ya 2 imeunganishwa na minara ya mawimbi ya redio kwa jirani B. Poti ya 3 ni ya mtandao wa ndani.

Njia ambazo ruta hiyo inazifahamu ni hizi:

| Kiambishi | Chanzo | Ruta inayofuata | Kiwango | Hali |
|---|---|---|---|---|
| 192.168.5.0/24 | Imeunganishwa | Poti ya 3 | 0 | Imechaguliwa |
| 10.20.0.0/16 | OSPF | Jirani A | 110 | Imechaguliwa |
| 10.20.0.0/16 | Msimamizi | Jirani B | 210 | Akiba |
| 10.20.30.0/24 | OSPF | Jirani B | 110 | Imechaguliwa |
| 10.255.0.1/32 | OSPF | Jirani A | 110 | Imechaguliwa |
| 198.51.100.0/24 | BGP | 10.255.0.1 | 200 | Imechaguliwa |
| 0.0.0.0/0 | OSPF | Jirani A | 110 | Imechaguliwa |

Jedwali la upelekaji linalotokana nazo ni hili:

| Kiambishi | Poti | Hukabidhiwa |
|---|---|---|
| 192.168.5.1/32 | – | Ruta yenyewe |
| 192.168.5.0/24 | 3 | Kifaa husika |
| 10.20.0.0/16 | 1 | Jirani A |
| 10.20.30.0/24 | 2 | Jirani B |
| 10.255.0.1/32 | 1 | Jirani A |
| 198.51.100.0/24 | 1 | Jirani A |
| 0.0.0.0/0 | 1 | Jirani A |

Njia ya akiba ya 10.20.0.0/16 haimo katika jedwali la pili. Njia ya 198.51.100.0/24, ambayo ilimtaja jirani wa mbali, sasa inaonyesha poti halisi. Pia umeongezwa mstari wa anwani ya ruta yenyewe, ili pakiti zilizotumwa kwake zipelekwe kwa prosesa badala ya kutolewa nje.

Pakiti inayokwenda 10.20.30.7 inafaa kwa mistari mitatu: /0, /16 na /24. Itatoka kupitia poti ya 2, kwa sababu /24 ndicho kirefu zaidi. Pakiti inayokwenda 10.20.99.4 inafaa kwa /0 na /16 tu, hivyo itatoka kupitia poti ya 1.

Ikiwa mkongo wa poti ya 1 utakatwa, kwa mfano na mashine inayochimba kando ya barabara, OSPF itaondoa njia zote za jirani A. Njia ya akiba ya 10.20.0.0/16 sasa haitakuwa na mpinzani, itachaguliwa, na mstari wake katika jedwali la upelekaji utaandikwa upya ili uonyeshe poti ya 2. Lakini hakuna njia ya akiba kwa 0.0.0.0/0. Shule zitaendelea kufikia mitandao ya 10.20.0.0/16, huku tovuti nyingine zote zikiwa hazipatikani. Jedwali halitengenezi njia ambayo hakuna aliyeipanga.

## YouTube mwaka 2008

Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya Pakistan Telecom ilitaka kuzuia YouTube ndani ya Pakistan. Ilitangaza njia ya 208.65.153.0/24, na tangazo hilo likavuja kupitia kampuni iliyoiunganisha na intaneti hadi sehemu nyingi za dunia. YouTube wakati huo ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22, kundi kubwa zaidi lililojumuisha anwani hizo.

Katika jedwali la njia la ruta nyingi duniani njia hizi mbili hazikushindana, kwa kuwa viambishi vyake vilikuwa tofauti. Zote mbili zilichaguliwa na zote mbili ziliandikwa katika jedwali la upelekaji. Pakiti zilipofika, kiambishi cha /24 kilikuwa kirefu kuliko cha /22, hivyo zikapelekwa Pakistan. YouTube haikupatikana katika sehemu kubwa ya dunia kwa takriban saa 2. Ili kujinusuru, YouTube yenyewe ilianza kutangaza /24 na kisha viambishi virefu zaidi vya /25.

## Afrika Mashariki: njia mpya na njia zilizopotea

Kabla ya mwaka 2000, mtu wa Nairobi aliyemtumia baruapepe mwenzake wa Nairobi aliyekuwa mteja wa kampuni nyingine alikuwa akiituma ng'ambo bila kujua. Ruta za kampuni hizo hazikuwa na njia ya pamoja nchini, hivyo pakiti zilipanda setilaiti hadi nje ya Afrika na kurudi. Novemba 2000 watoa huduma wa Kenya walifungua kituo cha kubadilishana data kinachoitwa KIXP. Kilifungwa baada ya wiki mbili kutokana na malalamiko ya Telkom Kenya, iliyodai kuwa kinavunja haki yake ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam ilipata kituo cha aina hiyo, TIX, mwaka 2004.

Kinachofanyika katika kituo cha namna hii ni mabadiliko ya majedwali. Ruta za kampuni mbalimbali hukaa pamoja na kuambiana kwa BGP viambishi vya wateja wao. Jedwali la njia la kila ruta hupata njia ya karibu, jedwali la upelekaji huandikwa upya, na pakiti inayofuata haiendi tena ng'ambo. Safari ya kwenda na kurudi kwa setilaiti iliyokuwa ikichukua zaidi ya sekunde 1 ilishuka hadi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Mikongo ya chini ya bahari ilileta mabadiliko makubwa zaidi. SEACOM ilianza kazi Julai 2009 na EASSy mwaka 2010, na yote miwili hufika Dar es Salaam. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Ruta zilifanya kazi yake: njia zilizokufa ziliondolewa na zilizobaki zikachaguliwa. Hata hivyo intaneti ilikuwa ya polepole kwa siku kadhaa, kwa sababu data za mikongo miwili zilisukumwa katika njia chache zilizobaki. Tukio hilo lilionyesha mpaka wa majedwali yote mawili. Kwa kawaida huonyesha ni njia ipi inafika, wala hayaonyeshi kama njia hiyo imejaa.

## Majedwali yanapotofautiana

Ruta yenye afya huhakikisha kwamba kila mabadiliko ya jedwali la njia yanafika katika jedwali la upelekaji. Kuna hali tatu ambazo majedwali haya huachana.

Nafasi ikiisha. Mfano unaojulikana zaidi ni wa tarehe 12 Agosti 2014. Wakati huo jedwali la intaneti nzima lilikuwa limekaribia njia 512,000. Siku hiyo kampuni ya Verizon ya Marekani ilitangaza kwa muda mfupi viambishi vipya takriban 15,000, na kikomo hicho kikapitwa. Baadhi ya ruta za zamani za Cisco zilikuwa zimepangiwa nafasi za 512K za anwani za toleo la nne katika TCAM. Kumbukumbu ya kawaida ilikuwa na nafasi, hivyo jedwali la njia lilipokea njia zote bila shida. Jedwali la upelekaji ndilo lililojaa. Pakiti za njia zilizokosa nafasi ziliangukia kwa prosesa kuu, ambayo haikuweza kuzimudu, na tovuti nyingi zikawa za polepole au hazikupatikana kabisa. Dawa ilikuwa kugawa upya nafasi za TCAM na kuiwasha ruta upya, au kununua nyingine. Kufikia mwaka 2023 jedwali hilo lilikuwa na njia zaidi ya 900,000, bila kuhesabu za toleo la sita la IP. Kwa mtoa huduma anayenunua ruta iliyotumika kwa bei nafuu, ukubwa wa jedwali la upelekaji ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa. Njia mojawapo ya kukwepa tatizo hili ni kupokea njia chaguomsingi na njia chache za karibu badala ya jedwali zima.

Wakati wa kuandika. Kuandika mamia ya maelfu ya mistari katika chipu huchukua muda, na katika muda huo pakiti hufuata mistari ya zamani. Ili kupunguza hasara, ruta za kisasa hufanya mistari mingi ielekee alama moja ya pamoja inayomtaja jirani. Jirani akipotea, alama hiyo moja hubadilishwa na mistari yote hupata njia mpya kwa pamoja.

Hitilafu za programu. Mstari unaweza kukosewa unapoandikwa katika chipu. Jedwali la njia litaonyesha poti sahihi huku pakiti zikitupwa. Wataalamu huita hali hii shimo jeusi, kwa sababu data huingia na haitoki.

Kutengana kwa majedwali kuna faida pia. Programu ya BGP ikianguka na kuanza upya, ruta inaweza kuendelea kupitisha pakiti kwa jedwali la upelekaji lililokuwepo, huku jirani zake wakiombwa wavumilie hadi irudi. Utaratibu huu wa BGP uliwekwa rasmi Januari 2007. Ni sawa na vibao vya barabarani kuendelea kuwaongoza madereva hata ofisi ikiwa imefungwa. Lakini njia ikibadilika katika muda huo, vibao vitapotosha, na ndiyo maana uvumilivu huo hupewa kikomo.

## Historia

Ruta za kwanza zilikuwa na jedwali moja, na prosesa ileile iliyojifunza njia ndiyo iliyopitisha pakiti. Data zilipoongezeka, watengenezaji walianza kuweka akiba ya majibu: pakiti ya kwanza kwenda mahali fulani ilitafutiwa njia polepole, na zilizofuata zikatumia jibu lililohifadhiwa. Mbinu hii ilishindwa intaneti ilipokuwa na mahali pengi mno pa kwenda, kwa kuwa akiba ilifutwa na kujengwa tena bila kupumzika.

Katika miaka ya 1990 suluhisho lilikuwa kuandaa jedwali kamili la upelekaji kabla pakiti hazijafika. Ruta ya Juniper M40, iliyotoka mwaka 1998, ilitenganisha kabisa sehemu ya kujifunza njia na sehemu ya kupitisha pakiti. Mfumo wa Linux uliacha mbinu ya akiba kwa anwani za toleo la nne mwaka 2012, katika toleo la 3.6. Tangu mwaka 2008 itifaki ya OpenFlow ilipendekeza hatua ya mbele zaidi: maamuzi yafanywe na kompyuta nyingine kabisa, na kifaa cha mtandaoni kibaki na jedwali la upelekaji peke yake.

## Kuyaangalia majedwali

Katika ruta za Cisco amri ya `show ip route` huonyesha jedwali la njia, na `show ip cef` huonyesha la upelekaji. Cisco huonyesha njia zilizoshinda tu, wakati Juniper na MikroTik huonyesha pia zilizo akiba na kuweka alama kwenye zinazotumika. Katika Linux, programu kama BIRD na FRR hutunza jedwali la njia, na kiini cha mfumo hutunza la upelekaji. Amri ya `ip route get` ikifuatwa na anwani huonyesha njia ambayo pakiti ya anwani hiyo itapita.

Mtandao usipofika, utaratibu mzuri ni kuangalia mambo matatu kwa mpangilio: je, njia ipo katika jedwali la njia? Je, ipo katika jedwali la upelekaji, na kwa poti ileile? Je, anwani ya MAC ya jirani inajulikana? Jibu la "ndiyo" kwa swali la kwanza pekee halithibitishi kwamba pakiti zinapita.

## Majedwali mengine yanayofanana

Swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta ndani ya mtandao mmoja, nayo ina jedwali ambalo wengine huliita la upelekaji. Jedwali hilo hutumia anwani za MAC, na swichi hulijaza kwa kuangalia pakiti zinazopita, bila itifaki ya uelekezaji. Jedwali la ARP nalo huoanisha anwani ya IP na anwani ya MAC ya jirani, na ruta hulitumia kukamilisha mistari ya jedwali la upelekaji.

Simu na kompyuta pia zina jedwali la njia, ingawa mara nyingi ni la mistari michache: mtandao wa karibu na njia chaguomsingi. Kompyuta ya mwanafunzi wa Mugoma iliyounganishwa kwa simu huikabidhi simu kila pakiti inayokwenda mbali. Maamuzi yanayobaki hufanywa na ruta zilizo mbele yake, moja baada ya nyingine, kila moja kwa jedwali lake.